Muulize Mjomba: Mbona supu ya uyoga haikazi?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu kuhusu uyoga, kwamba maji yake yana vitu vinavyofanya mchuzi uwe mzito, nikapita zangu. Aisee. Meseji zilizoingia baada ya hapo sijawahi kuziona tangu nianze safu hii na nyingi sio za pongezi, kuna dada kaniandikia "Mjomba umenimalizia gesi" basi, hakusema kingine. Kwa hiyo leo nalipa deni, maswali yote ni ya uyoga na uzito wa maji yake, baadhi nimeyafupisha maana yalikuwa marefu kuliko majibu.

Shikamoo Mjomba. Nalima uyoga aina ya mamama hapa Kibaha, banda dogo tu nyuma ya nyumba. Unaobaki sokoni natengeneza supu nauza jioni kwa kikombe. Shida supu inabaki maji maji hata nichemshe saa nzima, inakuwa nyeupe kama nimetia maziwa ila haikazi ng'o. Nikitia vijiko viwili vya unga inakaza dakika hiyo hiyo. Sasa huo uzito uliousema uko wapi? Mkulima, Kibaha

Marahaba mkulima. Huo weupe ndo ulikuwa unakujibu ila hukuusikiliza.

Mmea ukitaka kuweka akiba ya chakula unaweka wanga, ndo huo ulioko kwenye mahindi, muhogo, viazi. Uyoga sio mmea bana, kiukoo uko karibu na wanyama kuliko na mchicha, na akiba yake ni glikojeni, ile ile iliyoko kwenye ini lako na misuli yako. Sasa wanga unakaa kwenye vichembe, ukivipasha ndani ya maji, kwa mahindi ni kama nyuzi 62 mpaka 72 hivi, vinavimba vinanyonya maji vinabanana sufuria nzima na minyororo mirefu inachomoka nje, ndo maana uji unakukazia ghafla ukigeuka kidogo tu. Glikojeni haina habari hizo. Ni molekuli kubwa kweli ila imejaa matawi na imejikunja, ni kama ule mpira wa chandimu wa makaratasi na kamba, na mipira hata uitupie mingi kwenye maji inapishana tu. Inatawanya mwanga, kwa hiyo sehemu ya ule weupe unaouona ni yenyewe, ila ukimimina supu inakimbia kama maji ya bomba.

Uzito niliousema unatoka sehemu nyingine, kwenye ukuta wa seli. Humo kuna polisakaraidi, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyoshikana mkono kwa mkono, na zile za uyoga zinazosifiwa sana zinaitwa beta-glukani. Shida ni kwamba ukuta huo umefumwa pamoja na kitini, kitu kile kile cha ganda la kamba na la panzi, na beta-glukani nyingi za mamama haziyeyuki kwenye maji hata ukeshe jikoni, kuna moja wameiita pleurani kutokana na jina la kisayansi la mamama, Pleurotus, hiyo inabaki kwenye nyama ya uyoga, mteja anaitafuna, haiingii kwenye mchuzi.

Piga hesabu na mimi. Kilo moja ya mamama mbichi, gramu 900 hivi ni maji. Zinabaki gramu 100 kavu. Katika hizo, polisakaraidi zinazokubali kutoka kwa maji ya moto ni gramu chache, tuseme 5 kwa hesabu ya kijiweni. Tuseme umeweka lita mbili za maji, kwa hiyo una gramu 2 na nusu kwa lita, na sio zote ni za aina inayokaza, nyingine ndo hiyo mipira ya chandimu. Vijiko vyako viwili vya unga ni gramu 20 na ushee halafu sehemu kubwa ni wanga. Huo ugomvi hauna refa, unga unashinda.

Ukitaka supu iwe nzito kwa uyoga wenyewe, acha kuchemshia kwenye maji mengi. Kata uyoga vipande vidogo, weka kwenye sufuria kavu bila maji, utatoa maji yake wenyewe, acha yakauke karibu yote mpaka uanze kupata rangi, hapo ndo unaweka maji kidogo na kitunguu chako, moto mdogo dakika arobaini mpaka saa. Halafu toa theluthi mbili ya uyoga saga kwenye blenda mpaka iwe laini kabisa, rudisha sufuriani. Uzito utakaoupata hapo sio wa kuyeyuka ni wa kusongamana, yaani vipande vidogo vidogo vya ukuta wa seli vimevimba vinagusana, ni ule ule wa tomato sosi ambayo inagoma kutoka kwenye chupa mpaka uipige kofi kwenye kitako halafu inatoka yote kwenye chipsi.

Tatizo la uzito wa namna hii ni kwamba supu ikikaa nusu saa maji yanajitenga juu na tope linakaa chini, na wewe unauza kwa kikombe. Dawa yake ni kijiko kimoja, kimoja tu, cha unga uliokorogwa kwenye maji baridi kwanza. Sio dhambi. Wapishi wakubwa wote wanafanya hivyo na hawasemi.

Mjomba mimi wa Dodoma, kwetu mlenda ndo mboga. Kuna uyoga una umbo la sikio unaota kwenye magogo, ukiuloweka unateleza kweli ila hauvuti nyuzi kama mlenda. Nikauchemsha na magadi nikidhani utavuta, wapi. Kwa nini? Mgogo wa Area C

Swali hili nimelipenda kuliko yote, na ningekuwa mwalimu ningempa mtu huyu maksi kabla sijamjibu, maana katenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku: kuteleza na kuvuta.

Ute wa mlenda, na wa bamia pia, ni minyororo mirefu sana inayopindika kirahisi, ukiinua kijiko minyororo inanyooka huku bado imeng'ang'aniana, ndo ule uzi unaokufuata kutoka sahanini mpaka mdomoni. Halafu ina kitu kingine cha muhimu, ina tindikali kwenye mgongo wake, na tindikali hizo kwenye maji zinabeba chaji hasi. Chaji zinazofanana zinasukumana, kwa hiyo mnyororo unajitanua badala ya kujikunja, na mnyororo uliojitanua unachukua nafasi kubwa, maji yanakuwa mazito. Magadi yanapunguza uchachu, tindikali nyingi zaidi zinapata chaji, ute unajitanua zaidi, na pia yanalainisha jani ili ute utoke upesi. Bibi zetu walilijua hili kwa mkono. Ndimu au ukwaju unafanya kinyume, unazizima zile chaji, ndo maana asiyependa ute wa bamia anaikamulia ndimu au anaipika na nyanya nyingi. Ila magadi ukizidisha na moto ukiwa mkali minyororo yenyewe inakatika, mlenda unakuwa maji tena rangi mbaya na ladha ya sabuni.

Sasa uyoga wako wa sikio. Nao una polisakaraidi yenye tindikali, mgongo wake ni wa sukari inaitwa manosi na pembeni imebandikwa tindikali ya glukuroniki, kwa hiyo ulivyowaza magadi hukukosea sana. Kilichokuangusha ni kwamba sehemu kubwa ya vitu vya kwenye sikio hilo haitoki nje, kuna beta-glukani isiyoyeyuka imeshika maji ndani kwa ndani na kulifanya lote liwe kama jeli yenye umbo, unapata utelezi juu na ule mkatiko wa kutafuna, kru kru, ila kwenye maji ya sufuria umetoka ute kiduchu. Nyuzi utazitoa wapi? Ukitaka mchanganyiko mzuri kata sikio vipande vyembamba litumbukize kwenye mlenda mwishoni kabisa. Uzi utatoka kwa mlenda, kru kru kwa uyoga.

Chumvi pia naomba uiweke mwishoni. Chembe za chumvi zinazizingira zile chaji, minyororo inajikunja kidogo na ute unapungua makali. Beta-glukani zisizo na chaji hazijali chumvi, ila za mlenda na za sikio zinajali.

Mambo Mjomba. Sisi ni kikundi cha akina mama saba, Moshi. Tunanunua uyoga kwa wakulima, ukifika mwingi wa kutosha tunaukausha, tunachemsha, tunachuja, tunapunguza maji, tunatia spiriti, zinatokea nyuzi nyeupe tunazianika tunasaga unga wa kukazia supu na juisi. Bechi moja inakaza vizuri, nyingine maji matupu, na gramu ni zile zile. Tena mteja kalalamika akitia kwenye blenda uzito unakimbia. Tunakosea wapi? Katibu wa kikundi

Katibu, kabla ya yote: hiyo spiriti ni ipi? Kama ni ile ya kusafishia vidonda au ya kuwashia jiko, simamisheni kazi leo, hata unga uliopo dukani ondoeni. Spiriti ya namna hiyo huwa imetiwa sumu makusudi watu wasiinywe, methanoli ikiwemo, na methanoli inapofusha na kuua, msijipe moyo kwamba mnaanika itaondoka yote. Inatakiwa ethanoli ya daraja la chakula. Na pombe kali za dukani za asilimia 35 au 40 hazitafika, maana ili minyororo iachane na maji na kuganda inabidi mchanganyiko mzima uwe na pombe kama asilimia 70 na kitu, kwa hiyo ni maji ujazo mmoja kwa ethanoli ya asilimia 95 ujazo mitatu au minne. Hapo ndo gharama inapowauma watu. Na jiko la mkaa liwe mbali, mvuke wa ethanoli unatambaa chini kama nyoka unafuata moto wenyewe.

Haya, bechi. Mmeniandikia wenyewe "ukifika mwingi wa kutosha", hapo ndo pa kuanzia. Uyoga uliovunwa haujafa, unaendelea kuishi, na ukikosa chakula unaanza kujila, una vimeng'enya vyake vya kukata beta-glukani. Kwa shiitake wa Wajapani hili limepimwa kabisa, beta-glukani yake iitwayo lentinani inapungua ukiuacha siku kadhaa kwenye joto la kawaida. Sasa nyie mkulima wa kwanza kaleta Jumatatu, wa mwisho kaleta Ijumaa, mnakausha Jumamosi. Bechi nzuri nadhani ni ile mliyojaza ndani ya siku moja. Kausheni siku ile ile, hata kama ni kilo mbili.

Ila kwa nini gramu zile zile zitoe uzito tofauti? Hapa nivumilieni maana ndo penyewe. Uzito wa maji hauendi kwa gramu tu, unaenda kwa urefu wa minyororo. Chukua mkonge, nyie wa Moshi mnaufahamu. Kilo ya nyuzi za mkonge ndefu ukiivuruga kwenye ndoo ya maji huwezi kugeuza mwiko, kilo ile ile ikatekate vipande vya sentimita moja, utakoroga kama chai. Vimeng'enya vya uyoga uliolala ni huo mkasi. Kuchemsha masaa mengi ni mkasi pia, hasa kama maji yana uchachu, na presha kuka ni mkasi wenye haraka. Kwa hiyo mkichemsha saa sita mkidhani mnapata zaidi, mnapata gramu zaidi kweli, za vipande vifupi.

Halafu kuna kizingiti. Minyororo ikiwa michache kwenye maji kila mmoja unaogelea kivyake, ukiongeza kidogo uzito unapanda kidogo. Ikifika idadi fulani inaanza kugusana na kufungana, kuanzia hapo ukiongeza unga mara mbili uzito hauongezeki mara mbili, unaweza kuruka mara nane au kumi. Mkiwa karibu na kizingiti hicho kosa dogo la mizani mnaliona kubwa kwenye kikombe. Na unga wenu unanyonya unyevu wa hewa, mvua za masika zikianza gramu 10 mlizopima zina maji ndani yake, unga halisi ni pungufu. Fungeni kwenye mitungi isiyopitisha hewa.

Na jingine, zile nyuzi nyeupe sio zote kitu mnachokitaka. Ethanoli haichagui, inagandisha na protini, na glikojeni, na chumvi chumvi. Tone la iodini ya duka la dawa kwenye maji yaliyopoa ya unga wenu litawaambia kitu: likiwa wekundu wa kahawia kuna glikojeni nyingi, likiwa bluu nyeusi kuna mtu kachanganya wanga, muulizane vizuri kwenye kikao.

Sasa mteja wa blenda. Yeye kaona tabia ya kawaida kabisa ya vimiminika hivi. Maji matupu ukiyakoroga polepole au kwa kasi mnato wake ni ule ule, ila maji yenye minyororo mirefu ukiyakoroga kwa kasi minyororo inajipanga kuelekea upande mmoja kama mkonge uliochanwa, inapishana vizuri, uzito unashuka. Ukiacha, inavurugika tena na uzito unarudi. Ndo maana sosi nzuri inakaa kwenye kijiko lakini kwenye koo inapita. Mwambieni aache juisi ikae nusu saa. Ikirudi kuwa nzito hakuna kesi. Isiporudi basi blenda yake imeikata minyororo yenyewe, visu vya kasi kubwa kwa dakika nyingi vinaweza, hasa ile mirefu zaidi, na hapo ushauri ni akoroge kwa mchapo wa mkono au awashe blenda sekunde kumi tu.

Mtahitaji kipimo, na cha bei mbaya hamkihitaji kwa sasa. Chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kifuniko tundu moja kwa msumari, kata kitako, chora mistari miwili kwa kalamu ya wino. Igeuze kifuniko kiwe chini, ziba tundu kwa kidole, jaza maji yenye gramu zile zile za unga, achia, pima sekunde kutoka mstari wa juu mpaka wa chini, chupa ile ile kifuniko kile kile kila siku. Maji matupu ndo rula yenu. Ila joto liwe moja, hapa watu wengi wanajidanganya, maji matupu tu yakitoka nyuzi 20 kwenda 40 mnato wake unashuka kwa theluthi nzima, sembuse maji yenye vitu ndani. Mkipima bechi ya asubuhi na ya mchana wa jua kali mtagombana bure.

Mjomba niko Guangzhou kibiashara, huku wana uyoga mweupe kama ua au sponji, wanaupika na sukari na tende zao nyekundu unakuwa kama urojo mtamu. Nimenunua na unga wake, nikitia kwenye maji moto unafanya madonge. Naupikaje, na naweza kuleta Dar nikauze kama wa ngozi? Mfanyabiashara

Huo ni Tremella, wao wanaita yin'er, na wilaya ya Gutian mkoani Fujian ndo inajulikana zaidi kwa kuulima. Huo sasa ndo bingwa wa mambo yetu ya leo. Polisakaraidi yake ni ndugu ya ile ya sikio la kwenye gogo, mgongo wa manosi na tindikali pembeni, tofauti ni kwamba ya huyu inatoka kwenye maji kwa wingi na molekuli zake ni ndefu mno, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha kukaza. Ila inatoka kwa uvumilivu, moto mdogo saa moja na nusu mpaka mbili, na usiogope ukiona nusu saa ya kwanza ni maji tu.

Madonge yanatokea kwa sababu unga ukigusa maji moto tabaka la nje linavimba upesi linakuwa ngozi ya ute, unga wa ndani unabaki mkavu umefungiwa. Changanya kwanza unga na sukari kavu, kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya sukari, halafu nyunyiza kwenye maji baridi huku unakoroga, ndo upashe moto. Sukari inazitenganisha punje zisishikane.

Kitu ambacho hawatakuambia dukani: uyoga huu na ule wa sikio usiuloweke usiku kucha kwenye joto. Kuna bakteria wanaota humo wanatoa sumu inaitwa asidi ya bongkreki, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha, China imeshaua watu. Saa mbili zinatosha, au loweka kwenye friji.

Kuhusu ngozi, wauzaji wanapenda kusema unashika maji mara 500 ya uzito wake. Hiyo ni lugha ya duka. Unashika maji vizuri na unaacha ngozi laini, mengine mwachie mwenye tangazo.

Kuna jamaa anauza maji ya uyoga kwenye chupa anasema yakiwa mazito ndo yana nguvu ya kutibu saratani. Chupa ni nzito kama uji. Ni kweli? Msomaji, Mwanza

Uongo, ila una mzizi wa kweli na ndo unaoufanya uuzike. Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake wa Japani walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba polisakaraidi ya shiitake ilizuia uvimbe kwenye panya. Baadaye lentinani ikakubaliwa Japani itumike pamoja na dawa za kemikali kwa saratani ya tumbo. Pamoja na, sio badala ya, na ilikuwa inaingizwa kwa mshipa hospitalini, sio kwenye chupa ya bodaboda.

Lentinani na ndugu yake skizofilani, ya ule uyoga mdogo mgumu wenye mipasuko chini unaoota kwenye miti mikavu na Wakongo wanaula, zimesukwa nyuzi tatu tatu kama kamba au kama msuko wa nywele, ni ngumu kama fimbo, na ndo maana zinakaza maji sana kwa kiasi kidogo. Msuko wa skizofilani kwenye maji haufumuki mpaka nyuzi 135 hivi, sufuria lako halifiki huko. Inakaza vizuri kiasi kwamba Ujerumani kampuni ya Wintershall iliijaribu kwenye kisima cha mafuta kule Bockstedt, wakaingiza maji yaliyokazwa nayo chini ya ardhi yasukume mafuta yatoke. Wale hawakuwa wanatibu mtu. Uzito ni uzito tu ndugu yangu, ungekuwa dawa basi uji wa muhogo ungefunga hospitali.

Mdondoshee iodini kwenye chupa yake. Ikigeuka bluu nyeusi unajua unakunywa nini. Isipogeuka pia haijathibitisha kitu, kuna vikazio vingine havina wanga, kama zanthani inayotokana na bakteria na ipo kwenye sosi nyingi za madukani.

Mjomba, mamangu amepata kiharusi, maji yanampalia. Hospitali wamesema vinywaji vyake vikazwe. Unga wao ni ghali. Naweza kutumia unga wa uyoga niukaze maji? Binti, Mombasa

Pole sana binti yangu, na mama apone. Jibu ni hapana, usitumie. Sio kwamba uyoga ni mbaya, ni kwamba unga wa uyoga hauna uzito wa kuaminika, umesoma hapo juu akina mama wa Moshi bechi moja inakaza nyingine maji, na kwa mama kikombe kimoja chepesi kinatosha kupeleka maji kwenye mapafu.

Unga wa wanga nao una mtego wake. Mate yana kimeng'enya cha kukata wanga, kijiko kikitoka mdomoni kikarudi kwenye kikombe, baada ya dakika kadhaa kikombe kizima kimekuwa chepesi na mama bado anakunywa. Vile vyenye zanthani mate hayaviwezi, uliza kama ndo hivyo walivyokuandikia, na uliza kama hospitali ya serikali ina njia ya kupunguza bei.

Walikuambia ukaze kiwango cha ngapi? Kuna mfumo wa kimataifa unaitwa IDDSI wenye namba, na unaweza kuukagua nyumbani kwa bomba la sindano la mililita 10 bila sindano, lile ambalo mistari kutoka 0 mpaka 10 ina urefu wa milimita 61 na nusu, maana yapo mengine yenye urefu tofauti. Ziba mdomo wake kwa kidole, jaza mpaka 10, achia sekunde kumi, ziba tena. Ikibaki kati ya 1 na 4 hicho ni kiwango cha kwanza, kati ya 4 na 8 cha pili, ikizidi 8 ila kidogo imeshatoka, cha tatu. Fanya hivyo kikombe kikishapoa mpaka joto analonywea na kikiwa kimetulia dakika ulizoandikiwa kwenye kopo, sio mara tu baada ya kukoroga. Na umkalishe wima kabisa, asinywe akiwa ameegemea mto.